Maneno Ambayo Koplo Hakuyasema

Skrubu ilimponyoka tena. Hiyo ilikuwa ya nne tangu afungue duka asubuhi, na kwa kuwa kila moja ilikuwa ndogo kama punje ya mtama, kila moja ilimpigisha magoti chini ya meza, akipapasa sakafu kwa kiganja kama aliyepoteza pete.

"Binti," mzee aliyekuwa akisubiri miwani yake alimwambia kutoka kwenye kiti cha wateja, "leo mikono yako ina nini? Hiyo ni fremu, si kuku anayekukimbia."

"Nisamehe baba. Sijalala vizuri."

"Basi niache niende nirudi kesho. Mimi bila miwani naona watu kama moshi, lakini nimeshazoea. Hata mke wangu siku hizi naona amepungua makunyanzi."

"Kesho sifungui."

"Kuna nini kesho?"

Alijifanya hakusikia, akainamia fremu. Kwenye duka lile watu walimwita Miwani, na wengi hawakumjua kwa jina jingine. Alikuwa fundi hodari wa kusaga lenzi na kunyoosha fremu zilizokaliwa, na kwa kawaida mkono wake haukutetemeka. Lakini tangu juzi hakai wala hasimami. Akikaa, anakumbuka. Akisimama, anasahau alisimama kwa nini.

Kesho polisi walikuwa wanamtunuku marehemu mume wake.

Mume wake alikuwa koplo wa usalama barabarani. Miaka mitatu iliyopita, mchana wa mvua kubwa, lori la saruji liliserereka darajani likabaki limening'inia ukingoni, kichwa kikielekea mtoni, na dereva wake amebanwa mguu ndani. Koplo aliingia kupitia dirishani. Alikaa humo karibu nusu saa, akiuchomoa ule mguu kidogo kidogo kwa jeki ya gari, na alipofanikiwa alimsukuma dereva nje kwa watu waliokuwa wakinyoosha mikono. Papo hapo lori likateleza. Dereva akapona. Koplo akazama nalo.

Sasa kituo kilikuwa kimejenga ukumbi mpya, nao ungepewa jina la Koplo. Mjane angepokea nishani. Kisha angevuta kitambaa kufunua kibao cha shaba ukutani, chenye maneno ya mwisho ya marehemu: *Mwambie mke wangu nampenda, na nitampenda hata huko niendako.*

Maneno hayo yaliletwa na dereva mwenyewe. Alikuja nyumbani juma moja baada ya mazishi, kwa magongo mawili, uso umevimba. Mama mkwe alimshika mabega akamuuliza, "Mwanangu alisema nini?" Naye aliyasema. Mama alilia siku nzima, lakini tangu siku hiyo alianza kula. Na Miwani alianza kulala.

Dereva hakurudi tena kwenye malori. Alianza kufundisha udereva, akichechemea kidogo kulizunguka gari la wanafunzi, na watu wakampa jina la Mwalimu. Kila Jumapili alikwenda kwa mama mkwe kurekebisha bomba linalovuja, kumsomea gazeti, kumsikiliza akimsimulia utoto wa Koplo kwa mara ya mia. Mama alimwita mwanangu. Na katikati ya wiki alipita dukani, kunyooshewa fremu. Fremu ile ile ilinyooshwa mara kumi na moja kabla Miwani hajamuuliza, "Kwani unailalia makusudi?" Naye akajibu, bila kutabasamu, "Ndiyo."

Juzi, mama mkwe aliingia dukani bila taarifa, miwani yake mkononi, akawakuta. Hawakuwa wakifanya lolote. Mwalimu alikuwa ameushika mkono wa Miwani juu ya kaunta, naye Miwani alikuwa ameuacha ushikwe. Mama aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akageuka, akatoka. Miwani yake ya kusomea aliisahau hapo hapo.

Mzee wa fremu alikuwa ameshaondoka mlango ulipofunguliwa. Miwani hakuinua macho, lakini alijua ni nani. Mguu ule mmoja uliokuja nyuma ya mwenzake aliufahamu hata akiwa amelala.

"Nilikwambia usije," alisema.

"Najua."

"Mama amesema nikikutazama tu kesho mbele za watu, nisirudi kwake. Unanisikia? Nyumba ile ndiyo nyumba yangu. Yeye ndiye mama niliye naye."

"Sikuja kwa hilo." Mwalimu alibaki amesimama mlangoni, kofia mkononi, kama aliyekuja kuomba kazi. "Nimetoka kituoni. Mkuu wa kituo amenionyesha kile kibao."

"Kizuri?"

"Kinang'aa. Herufi zimechongwa, huwezi kuzifuta hata kwa tindo." Aliigeuza kofia mikononi. "Miwani, kaa chini."

"Sikai. Sema."

"Hakuyasema."

Bisibisi ilisimama mkononi mwake. "Nani hakuyasema nini?"

"Koplo. Yale maneno. Hakuyasema. Niliyatunga mimi."

Nje mtu alipiga honi, mwingine akamtukana. Miwani alisikia yote kwa uwazi wa ajabu. Alitaka mtu aendelee kupiga honi ili asilazimike kuelewa.

"Mama yake alinishika hivi," Mwalimu aliendelea, akijigusa mabega. "Na wewe ulikuwa umekaa chini ukutani, hukulia, ulikuwa unanitazama tu. Nikaona nikisema hakuna, nitakuwa nimewaua wawili wengine. Yakanitoka. Nilidhani yataishia mle chumbani. Kila mwaka nilisema nitakwambia. Kisha nikaanza kukupenda, nikaogopa zaidi. Lakini kesho wanataka niyaseme kwenye kipaza sauti, na wewe ufunue ukuta ulioandikwa uongo wangu chini ya jina lake. Sitaweza."

"Unajua asubuhi ile tuligombana?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Aliondoka sikumuaga. Sikumtazama hata mgongo. Miaka mitatu ninalala kwa sababu ya maneno yale. Nilisema, basi, alinisamehe. Hata kama sikumuaga, alinisamehe."

"Najua. Ulinieleza."

"Nilikueleza, na ukanyamaza!"

"Nikanyamaza."

"Kwa hiyo maneno niliyolala nayo kitanda kimoja miaka yote hii ni yako."

"Ni yangu." Mwalimu alipiga hatua moja mbele. "Siku ile niliyatunga kwa mke wa mtu nisiyemjua. Leo ninamjua. Na bado ni yangu, kila neno."

Siku nyingine yoyote, maneno hayo yangemyeyusha. Siku hiyo yalimchoma kama tindikali. Alichukua kitu cha kwanza alichokishika, boksi tupu la miwani, akamrushia. Lilimpata kifuani, likaanguka.

"Toka! Nimekwambia toka! Usiniambie unanipenda kwa kinywa kile kile!"

"Sijamaliza. Kuna mambo aliyosema kweli, nusu saa nzima tulikuwa..."

"Sitaki kuyajua!"

Na kweli hakutaka. Aliogopa. Kama Koplo hakusema kwamba anampenda, basi alisema nini? Alisema mke wake ana roho mbaya? Alisema ameondoka nyumbani kama mgeni? Au hakumtaja kabisa?

Mwalimu aliinama kwa shida, akaliokota boksi, akaliweka taratibu juu ya kaunta. Kisha akatoka, na Miwani akazima mashine ya lenzi, ingawa ilikuwa saa nne tu.

*

Alipofika nyumbani alimkuta mama mkwe akipiga pasi gauni jeusi. Mama alikuwa mwanamke mrefu, mkunga mstaafu, aliyezoea kuamrisha watu wakiwa katika maumivu.

"Umerudi mapema."

"Mikono haitulii, mama."

"Haitatulia." Mama alinyunyizia maji kwenye kola. "Alikuja?"

Miwani hakuwahi kumdanganya. "Alikuja. Nimemfukuza."

Pasi ilisimama. Mama alimtazama kana kwamba alikuwa amejiandaa kwa vita na adui hakutokea.

"Unadhani mimi mchawi," alisema hatimaye. "Unadhani nataka uzeeke hapa unipikie uji."

"Sijasema hivyo."

"Wewe bado kijana. Ungeniletea mwalimu wa shule, fundi umeme, hata mwanajeshi, ningenuna wiki moja nikanyamaza. Lakini huyu! Mwanangu alimfia huyu. Kila nikimtazama nasema, damu yangu imenunua pumzi ya huyu, basi nimchukue awe mtoto. Nikamchukua. Nikamfunulia picha za utotoni. Sasa nimkute anashika mkono wa mke wa yule yule aliyemfia? Alichukua uhai, akachukua mama, sasa anataka mke. Kimebaki nini cha mwanangu?"

Miwani alitamani kumwambia habari ya maneno, lakini aliona vidole vya mama juu ya gauni, jinsi alivyoinyoosha kola iliyokuwa imeshanyooka. Alijua kwa nini Mwalimu alidanganya. Alijua kwa sababu yeye mwenyewe, dakika hiyo, hakuweza kusema ukweli.

"Nipe pasi, mama. Nimalizie."

"Utaunguza."

"Basi nikushikie nguo."

Walisimama hivyo, mmoja akivuta upindo, mwingine akipiga pasi.

*

Asubuhi iliyofuata uwanja wa kituo ulijaa viti vya plastiki. Askari walisimama mistari miwili, viatu vikimeta. Ukutani, kando ya mlango wa ukumbi, kitambaa cha buluu kilifunika kile kibao, na kila upepo ulipovuma kilifunua ncha moja ya shaba.

Alikaa mstari wa mbele, mama mkwe kushoto kwake. Mwalimu alikuwa upande wa pili wa jukwaa, suti imemzidi mabega. Miwani alijikaza asimtazame. Alitazama viatu vya askari, akavihesabu, akapoteza hesabu, akaanza upya. Je, atayasema? Akiyasema, atakuwa mwongo mbele ya watu wote. Asipoyasema, mama ataanguka hapa hapa. Alijikuta hajui aombe lipi.

Mkuu wa kituo, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, alisoma wasifu wa Koplo. Alisoma miaka ya kazi, alisoma ajali alizosimamia, alisoma jinsi alivyokataa kuhamishwa barabara ile kwa sababu alijua kila kona yake mbaya. Kisha akasema, "Sasa tumsikilize ndugu yetu ambaye yuko hai kwa sababu ya Koplo."

Mwalimu alipanda. Alikaribia kipaza sauti, kikatoa mlio mkali, akarudi nyuma, akakaribia tena.

"Mimi si msemaji," alianza. "Nafundisha watu kurudi nyuma bila kugonga ukuta. Leo nami lazima nirudi nyuma." Watu wachache walicheka. "Pale ukutani, chini ya kitambaa, kuna maneno. Mnaambiwa ni ya Koplo. Si ya Koplo. Niliyatunga mimi, kwa huruma na kwa woga. Naomba radhi kwa Jeshi la Polisi. Kwa mama yake na kwa mke wake, radhi haitoshi."

Minong'ono ilienea uwanjani. Mama mkwe aliushika mkono wa Miwani. "Anasema nini huyu? Anasema nini?"

"Subiri, mama."

"Ulijua?"

"Tangu jana. Subiri."

"Nitawaambia alichosema kweli," Mwalimu aliendelea, "kwa sababu nusu saa hakunyamaza. Mimi nilikuwa nalia. Nilimwambia aniache atoke, lori linasogea. Akasema, 'Dereva, usinipangie kazi.' Akaanza kunisimulia hadithi ili nisizimie. Akaniuliza kama nina mke. Nikasema sina. Akasema, 'Basi hujui mateso. Mimi leo nimenuniwa. Nilimwahidi mke wangu likizo, asubuhi nikaenda kumwambia imefutwa. Hakupiga kelele. Yeye hapigi kelele. Aliniletea chai haina hata chembe ya sukari, akakaa mbele yangu kunitazama niinywe.'"

Miwani aliweka kiganja mdomoni.

Hilo hakuwahi kumwambia mtu. Si mama mkwe, si rafiki, si Mwalimu. Alikuwa amesema tu kwamba waligombana. Chai ile aliiweka mezani kwa mkono wake, na Koplo aliinywa mpaka tone la mwisho, uso mkavu, kisha akavaa kofia akatoka. Miaka mitatu kikombe hicho kilikuwa kimemkaa kooni.

"Nikamuuliza, ukafanyaje? Akasema, 'Nikainywa yote. Huwa nainywa yote. Nikikunja uso atajua ameshinda, na nikicheka atabuni adhabu nyingine. Acha nimkomoe.' Halafu akacheka mwenyewe, pale ndani, mvua inatuingilia dirishani. Akasema, 'Leo jioni nitamwomba radhi. Nimeshaandaa hotuba, iko hapa kichwani, ndefu kuliko ya mkuu wa kituo.' Nikamwambia nisomee. Akasema, 'Si yako hiyo.'" Sauti ya Mwalimu ilikatika. "Ndiyo ya mwisho niliyosikia kuhusu mke wake. Si yako hiyo. Kisha mguu ukatoka, akanisukuma."

Askari mmoja katika mstari wa mbele alikuwa akilia waziwazi, kidevu juu, mikono imebanwa mapajani. Miwani alicheka. Kicheko kilimtoka kikiwa kimechanganyika na machozi, hakukizuia, na hakujali nani anamwona. Huyo ndiye. Yule wa kwenye shaba, mwenye maneno ya kadi ya harusi, alikuwa ni mtu mzuri tu asiyemjua. Huyu aliyekunywa chai chungu ili amkomoe alikuwa mume wake.

Hakuwa ameondoka na hasira. Aliondoka akipanga kurudi.

Mama mkwe alisimama. Watu walimpisha. Alitembea moja kwa moja hadi chini ya jukwaa, na Mwalimu akashuka kumpokea, akainamisha kichwa kama mtu anayengoja kofi. Hata mkuu wa kituo alisogea, tayari kuamua ugomvi.

"Alihisi baridi?" mama aliuliza.

"Mama?"

"Mwanangu. Mle ndani. Alihisi baridi?"

"Alilowa, mama. Lakini aliyekuwa anatetemeka ni mimi. Alivua koti lake akanivika."

Miwani alikuwa ameshafika, akamshika mama kiwiko.

"Walimtoa mtoni hana koti," mama alisema polepole, akimwambia Miwani, akiiambia hewa. "Miaka mitatu nimekuwa nikijiuliza ni nani alimvua. Nilidhani wezi. Nilidhani kuna mtu aliyemwibia mwanangu akiwa maiti, nikawa nawatazama watu barabarani makoti yao." Alimgeukia Mwalimu. "Liko wapi?"

"Ninalo. Niliogopa kulileta. Nilidhani mtauliza kwa nini yeye amekufa bila koti na mimi nimepona nalo."

"Ningeuliza. Hakika ningeuliza." Mama alijifuta uso kwa kiganja, kwa nguvu. "Siusamehe uongo wako leo. Usidhani. Lakini kesho ni Jumapili. Ulilete hilo koti, ukae, unieleze kila alichosema, tangu alipochungulia dirishani. Usiruke hata kikohozi."

"Ndiyo, mama."

"Na hilo jambo lenu jingine," aliongeza, bila kumtazama yeyote kati yao, "kama lipo, liletwe mezani kwangu kwa heshima, watu wakiwa wamekaa. Nami nitasema ninachotaka kusema, na mtanisikiliza mpaka mwisho. Si kushikana mikono juu ya kaunta kama watoto wa shule."

Mkuu wa kituo alikohoa. Aliuliza, kwa sauti ya chini, wafanye nini na kibao. Wote walimtazama Miwani.

"Nishani nitaipokea, Afande," alisema. "Hiyo aliifanyia kazi. Kibao kitolewe. Andikeni jina lake, na kwamba alimtoa mtu kwenye lori akiwa hai. Inatosha."

Nishani ilibandikwa kwenye mto mdogo mwekundu, nzito kuliko alivyodhani. Aliipokea, akampa mama mkwe aishike, na mama akaikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili mpaka sherehe ilipoisha.

Viti vilipoanza kukusanywa, Mwalimu alimsubiri kando ya ngazi za ukumbi, mbali kidogo, kama mtu asiyejua kama ameitwa.

"Umenisamehe?" aliuliza.

"Bado."

Aliitikia kwa kichwa. Alivaa kofia yake, akageuka kuelekea lango.

"Unakwenda wapi?" Miwani alimwita.

"Umesema bado."

"Nimesema bado. Nimekasirika, na nadhani nitakasirika wiki nzima, pengine mwezi. Hujui nikikasirika nikoje." Alimfikia, akamshika mkono pale pale, mbele ya askari waliobeba viti, mbele ya mama mkwe aliyekuwa akiwatazama kutoka mlangoni. "Lakini sitaki kukasirika peke yangu tena. Nataka nikukasirikie ukiwa karibu."

Mwalimu aliutazama ule mkono, kisha akamtazama yeye. Kofia akaivua tena.

"Nipo," alisema.

Miwani hakuuachia mkono. Mama mkwe alishuka ngazi, nishani kifuani, akawapita bila kuwasemesha, na alipofika langoni akasimama, akawangoja.